‘Si ni ya masomo tu?’ Kabla hujapiga kopi kitabu kizima, soma hii

Wiki ya kwanza ya muhula unaijua. Mhadhiri ametoa orodha ya vitabu, pesa za HELB hazijaingia, na kwenye kundi la WhatsApp la darasa kuna ujumbe wa kiongozi wa darasa: “Kitabu kimepatikana. Kila mtu atume 450, jioni mchukue kopi kwa jamaa wa geti la nyuma.” Unapiga hesabu. Dukani kitabu ni Sh1,400. Kopi yenye jalada la plastiki ni Sh450. Hufikirii mara mbili, unatuma M-Pesa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika ujumbe kama huo. Mwaka wa pili chuoni nilikuwa kiongozi wa darasa, na kusema kweli kazi yangu kubwa ilikuwa kukusanya pesa za kopi. Nilikuwa na bei yangu na jamaa wa mashine, nilijua siku ambazo wino wake ni mzuri, na mara nyingine kopi yangu ilitoka bure kwa sababu nilimletea kazi ya watu 60. Siku moja nikapeleka kitabu cha mhadhiri aliyekuwa akitufundisha. Wiki iliyofuata akaingia darasani, akapita katikati ya viti, akasimama kwangu na kuinua ile kopi. Akaipekua polepole. Darasa likawa kimya. Nikangoja moto.

“Ukurasa wa 61 uko wapi?” akauliza.

Haukuwapo. Mashine ilikuwa imeruka kurasa mbili na hakuna aliyegundua. Akairudisha mezani, akasema: “Nimekaa miaka minne na hiki kitabu. Si ungeniuliza mnahitaji sura gani? Ni mbili tu.” Kisha akaendelea na somo kana kwamba hakuna kilichotokea. Heri angenifokea.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma sheria ya hakimiliki. Kile nilichokuwa nikiamini, ati “hii ni ya masomo, si biashara”, kumbe kina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Kuna mambo niliyodhani ni halali na hayakuwa. Pia kuna ruhusa ambazo sheria hii inampa mwanafunzi na mimi sikuwahi kuzitumia, na nahisi wewe pia hujazitumia.

Tuanze na hili. Kitabu, shairi, picha, wimbo, vyote vinalindwa punde tu mwenyewe anapoviandika ama kuvirekodi. Hahitaji kusajili popote, wala kuweka ile herufi ya ‘c’ ndani ya duara. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, iliyotungwa 2001, inahesabu hata mihadhara kuwa kazi ya fasihi, sawa na riwaya. Kwa hivyo yule mwenzenu anayepiga chapa noti za mhadhiri neno kwa neno na kuwauzia wa mwaka wa kwanza anauza mali ya mtu. Lakini kinacholindwa ni jinsi jambo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Soma kitabu cha uchumi, elewa jinsi mfumko wa bei unavyotokea, kisha uueleze kwa maneno yako na kwa bei ya unga ya mtaani kwenu. Hapo hakuna wa kukugusa.

Sasa, wengi wetu tulijifunza hakimiliki kutoka YouTube. Chini ya video mtu ameandika kwa Kiingereza kwamba hii ni ya elimu tu, kwamba ni “matumizi ya haki”, na kwamba hana nia ya kuvunja haki ya mtu. Tunayaiga maneno hayo kama dua ya kufukuza shetani. Yametoka Marekani, na hata kule kuyaandika tu hakukukingi.

Sheria ya Marekani ya 1976 haikuweka orodha ya mambo yaliyoruhusiwa. Iliweka maswali manne ambayo jaji atajiuliza: umetumia kazi hiyo kwa lengo gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenyewe soko kiasi gani? Imetaja kufundisha miongoni mwa mifano ya malengo yanayofaa, hata kutoa kopi kadhaa za darasani. Ukisoma hapo unaona mambo ni mteremko. Ila waulize Kinko’s, kampuni iliyokuwa na maduka ya kopi karibu na vyuo vingi vya Marekani. Ilikuwa ikichukua sura kutoka vitabu mbalimbali, inazifunga pamoja na kuwauzia wanafunzi kwa agizo la maprofesa wao. Wachapishaji wakaishtaki, na 1991 mahakama ya New York ikaiambia kwamba mwanafunzi anasoma, sawa, lakini wewe unafanya biashara. Ikaamriwa kulipa fidia ya dola 510,000. Kosa lilikuwa nukuu 12 tu kutoka vitabuni, japo nyingine zilikuwa na makumi ya kurasa.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo wengi huanguka. Kenya haina yale maswali manne ya Wamarekani. Sisi tulirithi njia ya Waingereza: sheria inataja malengo maalumu, na ukiwa nje ya malengo hayo, hata uwe na nia safi kama maji ya Mlima Kenya, haikusaidii. Malengo hayo ni utafiti wa kisayansi, matumizi yako binafsi, uhakiki, na kuripoti habari za matukio ya sasa. Hata kwa hayo ni sharti utumie kwa haki na utaje chanzo. Sheria ilipofanyiwa marekebisho 2019, ruhusa hizi zilipangwa kwenye Jedwali la Pili mwishoni mwa sheria, sehemu ambayo watu wachache hufika wakisoma.

Umeona neno “elimu” hapo? Hata mimi sikuliona. Shule na vyuo vikuu vimetajwa, lakini kwa mambo machache yaliyopimwa kama dawa. Mtu anayetayarisha mkusanyiko wa kutumiwa shuleni au chuoni anaweza kuingiza vifungu vifupi visivyozidi viwili kutoka kazi moja, mradi ataje jina la kazi na la mwandishi. Viwili, na vifupi. Si sura ya tatu hadi ya tisa. Kuna ruhusa pia ya kutangaza kazi kwenye redio ama televisheni kama kipindi ni cha mafunzo ya shule au chuo, na ya shule kukirekodi kipindi hicho ili ikitumie darasani.

Kwa hivyo kopi yangu ya Sh450 ilisimama wapi? Tuichukue hatua kwa hatua. Ningeenda maktaba mwenyewe, nikapiga kopi kurasa za sura ninayoihitaji kwa ajili ya utafiti wangu, ningekuwa kwenye matumizi binafsi. Sheria haisemi ni kurasa ngapi. Ile asilimia 10 ambayo kila mtu kampasi huitaja kama aya ya Katiba haimo kwenye sheria yenyewe. Swali ni kama ulichochukua ni cha haki kwa lengo lako. Kitabu kizima ambacho kiko dukani, mara 60, kwa mtu anayelipwa kwa kila nakala? Hapo hakuna tena matumizi binafsi. Ni uchapishaji, ila mwandishi hayumo kwenye mgao. Na adhabu ya kutengeneza nakala haramu kwa ajili ya kuuza si ya kuchekea: sheria ya 2001 iliweka faini ya hadi Sh400,000, ama kifungo cha hadi miaka 10, ama vyote viwili. Jamaa wa geti la nyuma hakujua hilo. Mimi niliyemletea kazi pia sikujua.

Na PDF? Usinidanganye kwamba PDF ni tofauti kwa sababu hakuna karatasi. Kuisoma kwenye simu yako ni jambo moja. Kuiskani na kuitupa kwenye kundi lenye watu 200 ni jambo lingine, kwa sababu watu 200 si “binafsi” kwa lugha yoyote.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao hata walimu wetu huuendeleza. Tunaambiwa, “Taja chanzo, usiibe.” Basi mtu anadhani akiandika jina la mwandishi chini ya ukurasa, amemaliza deni. La. Kutaja chanzo kunakuokoa na wizi wa kitaaluma, lile kosa la kujifanya maneno ya mwingine ni yako, ambalo chuo kinaweza kukufukuzia. Hakimiliki ni kesi nyingine kabisa. Unaweza kumtaja mwandishi kwa heshima zote, jina lake na mwaka na jiji la uchapishaji, na bado ukawa umevunja haki yake kwa kunakili kitabu chote. Unaweza pia kunakili kazi isiyo na mwenyewe tena, hakimiliki usiivunje, lakini chuo kikufukuze kwa kudai umeiandika wewe.

Kazi isiyo na mwenyewe? Ndiyo, zipo. Kenya inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Shaaban Robert alifariki 1962. Piga hesabu: ulinzi wake hapa Kenya uliisha mwisho wa 2012. Vitabu alivyochapisha akiwa hai unaweza kuvipiga kopi, kuvisoma kwenye podikasti, hata kuvigeuza mchezo wa jukwaani, bila kumwomba mtu. Kuwa mwangalifu na jambo moja tu: dibaji mpya, maelezo ya pembeni na michoro iliyoongezwa na mchapishaji wa juzi ina wenyewe. Wanafunzi wa sheria nao wana neema yao. Sheria zilizoandikwa na hukumu za mahakama hazihesabiwi kuwa kazi inayolindwa na hakimiliki, kwa hivyo nakili utakavyo.

Kwa nyinyi mnaofundisha fasihi kwenye TikTok na YouTube (na najua mko wengi, maana msimu wa KCSE ukikaribia simu yangu hujaa nyinyi), kuna ruhusa moja ambayo sijaona mtu akiitaja. Mtu mmoja anaruhusiwa kusoma au kukariri hadharani sehemu ya kiasi ya kazi iliyochapishwa, mradi amtaje mwenyewe. Na uhakiki umeruhusiwa. Kwa hivyo ukichukua kifungu kutoka Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, ukakisoma, ukaeleza tamathali zilizomo na kwa nini mhusika ametenda alivyotenda, uko salama zaidi kuliko unavyodhani. Ukiisoma riwaya nzima, sehemu ya kwanza hadi ya 40, umetengeneza kitabu cha kusikiliza bila idhini. Maneno “kwa elimu tu” hapo chini hayabadilishi kitu.

Karatasi za mitihani iliyopita je? Kesi maarufu kuhusu hizo ni ya Uingereza, ya mwaka 1916, na bado husomeshwa. Kampuni moja ya vitabu vya kujisomea ilichukua mitihani ya Chuo Kikuu cha London, ikaichapisha na majibu ya baadhi ya maswali na maoni machache kuhusu maswali yenyewe. Ikajitetea kwamba maswali ya hesabu ni mambo ambayo kila mtu anayajua, na kwamba wanafunzi wanajisomea tu. Mahakama ikasema aliyetunga maswali ametumia akili na jasho lake, kwa hivyo ni kazi yake. Na kusaidia wanafunzi wajisomee hakumpi mchapishaji ruhusa ya kuuza kazi ya mwingine. Zaidi ya miaka 100 baadaye, pita kwenye vibanda vya jijini Nairobi mwezi wa Septemba uone kama kuna aliyeisoma.

Najua unachosema. “Wewe unaongea sheria, mimi sina 1,400.” Hoja hiyo ni nzito, na kuna mahali imewahi kushinda mahakamani.

Mwaka 2012, wachapishaji watatu wakubwa, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walishtaki kibanda cha kopi kinachoitwa Rameshwari, ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, India, pamoja na chuo chenyewe. Kibanda kilikuwa kikifunga pamoja sura za vitabu ambazo wahadhiri wameagiza na kuwauzia wanafunzi kwa bei ya kopi. Ni kama Kinko’s kabisa, ila hapa wanafunzi hawakukaa kando. Waliunda chama chao, wakaomba kuingizwa kwenye kesi. Mwanauchumi Amartya Sen, ambaye vitabu vyake huchapishwa na Oxford, aliwasihi wachapishaji wake wasiendelee nayo. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikatupilia mbali kesi hiyo. Desemba mwaka huo majaji wawili wa rufaa wakaunga mkono hoja kuu, kwamba kunakili kwa ajili ya kufundisha kumeruhusiwa, japo walitaka baadhi ya mambo ya ushahidi yasikilizwe tena. Machi 2017 wachapishaji wakaondoa kesi.

Kabla hujashangilia, elewa kwa nini walishinda. Hawakushinda kwa sababu walikuwa maskini. Walishinda kwa sababu sheria ya India ina sentensi inayomruhusu mwalimu au mwanafunzi kunakili kazi katika shughuli za kufundisha. Majaji waliisoma sentensi hiyo kwa upana. Ya kwetu haina sentensi kama hiyo. Ina vile vifungu viwili vifupi. Kwa hivyo mtu akikwambia “India walishinda, hata sisi tutashinda”, mwambie aoneshe sentensi.

Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo tunaihitaji. Kitabu cha takwimu cha kigeni kinachouzwa Sh9,000 hakimpotezei mchapishaji mteja mwanafunzi wa Kibera ama Kondele akinakili sura mbili, kwa sababu mwanafunzi huyo hakuwa ananunua hata kidogo. Wabunge walipoifungua sheria 2019 walikuwa na nafasi. Walifanya jambo moja zuri: waliingiza ruhusa ya kutengeneza nakala za Braille na nyinginezo kwa wasioona, kufuatia Mkataba wa Marrakesh wa 2013 ambao Kenya ilijiunga nao 2017. Darasa la kawaida likabaki lilipokuwa.

Lakini sitaki sentensi hiyo ije kummaliza Clara Momanyi. Oxford ina nguvu za kusimama mahakamani miaka mitano. Mwandishi wa tamthilia au riwaya ya Kiswahili hapa nchini hulipwa mrabaha, kasehemu kadogo ka bei ya kila nakala. Tuseme ni asilimia 10 ya kitabu cha Sh600: ni Sh60. Darasa la watu 50 likipiga kopi, ni Sh3,000 zimeyeyuka. Zidisha na idadi ya shule unazozijua. Ndiyo maana mimi huona tofauti kubwa kati ya kunakili sura ya kitabu cha kigeni kisichopatikana na kuskani Bembea ya Maisha, ambacho kiko kila duka la vitabu mjini. Sheria haitofautishi hivyo, najua. Mimi natofautisha.

Kati ya kuvunja sheria na kukosa kitabu kuna njia ambazo hatuambiwi. Ya kwanza ni Kopiken, shirika linalowakilisha waandishi na wachapishaji upande wa kopi. Chuo, shule ama duka la kopi hulipia leseni, kisha kopi za kiasi kilichokubaliwa zinakuwa halali na pesa zinarudi kwa waandishi. Uliza kama chuo chenu kina leseni. Ukiuliza ukaonekana kama umeuliza siku ya kiama, umepata jibu lako, na una jambo la kuwapelekea viongozi wa wanafunzi badala ya mabango ya kura.

Kuna vitabu vya inama, vile vya kando ya barabara. Kuuza kitabu ulichonunua si kosa, na kukinunua pia si kosa. Angalia tu kisiwe cha bandia: wino umefifia, picha ya jalada ni kama imepigwa kwenye ukungu, na bei inakufanya uwe na wasiwasi. Kuna vitabu vya kiada vilivyotolewa kwa leseni huria, ambapo mwandishi mwenyewe ameandika kwamba unaweza kunakili na kusambaza. Kwenye hesabu, fizikia na takwimu viko vizuri sana. Kuna hazina za kidijitali za vyuo vyetu zenye tasnifu na makala za bure. Na kuna njia niliyoidharau mwenyewe: kumuuliza mwandishi. Mwenye haki akisema ndiyo kwa maandishi, hata kwa baruapepe ya mstari mmoja, mjadala wote huu umekwisha. Ila hakikisha haki bado ni yake, kwa maana wengi huwa wamempa mchapishaji.

Mhadhiri wangu ndivyo alivyofanya baadaye. Nilimfuata ofisini, nikaomba msamaha, akanicheka. Alipeleka nakala tatu za kitabu chake kwenye ile sehemu ya maktaba ambapo unaazima kwa saa mbili tu, akaandika kwenye mpango wa somo ni sura ipi inasomwa wiki gani. Kila mmoja akawa anajinakilia kurasa zake mwenyewe. Tulipiga foleni, tukagombana kidogo, lakini hakuna aliyetumia zaidi ya Sh80 muhula mzima.

Na ule ukurasa wa 61? Ulikuja kwenye mtihani, alama 20.